Koti la mtumba, noti ya Indonesia, na mtu aliyeikataa fedha ya karatasi

#1 Makonyo (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Wiki mbili nyuma nilinunua koti la mvua la mtumba, jepesi, safi, kwa bei ya kutupa. Kufika nyumbani natia mkono mfuko wa ndani, ule wa zipu, nakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Nakikunjua: noti. Tena 1000! Moyo ukapiga. Kuisoma vizuri: BANK INDONESIA, SERIBU RUPIAH.

Kesho yake nikaenda nayo duka la kubadilisha fedha. Dada wa dirishani akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akanirudishia kwa ncha za vidole viwili kama aliyeshika dagaa waliolala. Nilipopiga hesabu mwenyewe nikaona haifiki hata shilingi mia mbili zetu. Nauli ya daladala haitoshi.

Basi imebaki kwangu. Ipo mezani, kila nikinywa chai naitazama, na kila nikiitazama inanitolea jambo jipya. Nafungua uzi ili niseme niliyoyaona na wenye kujua zaidi wanikosoe.

Ni toleo la mwaka 2000, milimita 141 kwa 65. Mbele yupo mwanamume ameshika panga, uso umekaza. Jina liko hapo hapo: Kapitan Pattimura. Halafu kuna sentensi ndefu: "Dengan rahmat Tuhan Yang Maha Esa Bank Indonesia mengeluarkan uang sebagai alat pembayaran yang sah..." Sijui Kiindonesia, lakini mtu wa pwani haachwi nje kabisa. Rahmat ni rehema hii hii yetu. Alat ni ala, chombo. Sah ni sahihi. Yaani kwa rehema za Mungu Mmoja, benki inatoa fedha hii iwe chombo halali cha malipo. Na rupiah yenyewe nani hajui? Zanzibar ilikuwa na noti zake za rupia tangu 1908, zikaja kuondolewa na shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936. Neno limetoka Bara Hindi, likashika njia mbili.

Igeuzeni sasa. Bahari, mvuvi na chombo chake, na nyuma yake visiwa viwili vimeinuka kutoka majini, kimoja kidogo, kingine mlima mzima. Ni Maitara na Tidore.

Tidore! Hapo nikaweka kikombe chini.

Kwa asiyejua: mkarafuu haukuzaliwa Pemba wala Unguja. Asili yake ni visiwa vichache vya Maluku Kaskazini, mashariki mwa Indonesia: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Mie nimelelewa na karafuu. Nimechambua karafuu na makonyo (vikonyo vyake) usiku kwa kandili mpaka vidole vikanuka wiki nzima, nimezianika juu ya majamvi na kukimbia kuzianua wingu likitanda. Sare za skuli, daftari, viatu vya Idi, vyote vimetoka huko. Leo nakutana na kwao mkarafuu ndani ya koti la mtu nisiyemjua.

Nikimaliza kazi narudi na habari ya huyu mwenye panga. Hiyo ndiyo iliyoniamsha usiku.

#2 nyuki_dume

Nimeweka mkeka hapa. Ila huyo jamaa wa panga anaonekana kama anamdai mtu.

#3 Makonyo

Alikuwa anadai kweli.

Jina lake la kuzaliwa ni Thomas Matulessy, mtu wa Saparua, kisiwa jirani na Ambon. Waingereza walipoishika Maluku kutoka kwa Wadachi alitumika katika jeshi lao hadi cheo cha sajini. Mwaka 1817 Waingereza wakaondoka, Wadachi wakarudi, na wakarudi na mambo yao: kazi za lazima, hofu ya vijana kuchukuliwa uaskari wakapelekwa Java. Na jambo moja tena, hili mlisome polepole: walikuja na fedha ya karatasi.

Watu wa Saparua walizoea sarafu za fedha. Sadaka ya maskini kanisani ilikuwa ya sarafu. Leo unaambiwa kikaratasi hiki ni fedha, kipokee, lakini ukitaka kukitumia hakuna anayekitaka. Hilo likaingia kwenye orodha ya malalamiko yao pamoja na mengine.

Mei 1817 wakamchagua Matulessy awe kapitan, kiongozi wao wa vita. Tarehe 16 wakaivamia ngome ya Duurstede pale Saparua wakaitwaa. Mkuu wa Kidachi wa hapo, Van den Berg, aliuawa pamoja na mkewe na watoto, akasalimika mtoto mmoja wa kiume. Siipambi, damu ilimwagika. Miezi michache baadaye Wadachi wakaleta nguvu, Pattimura akakamatwa Novemba, akanyongwa Ambon tarehe 16 Desemba 1817.

Mwaka 1973 serikali ya Indonesia ikamtangaza shujaa wa taifa. Mwaka 2000 wakampa heshima kubwa kuliko zote wanayompa shujaa: wakamchapa kwenye noti.

Ya karatasi.

#4 Fundi Saa

Mkuu umetuchekesha, lakini usituuzie chai. Watu hawavamii ngome kwa sababu ya noti. Noti haiwezi kuwa sababu.

#5 Makonyo

Fundi, rudia kusoma, nimesema pamoja na mengine. Kazi za lazima na uaskari vilikuwa vizito zaidi. Lakini usiidharau karatasi. Wewe fundi, mteja akija kuchukua saa akakupa hundi ya benki ambayo hujawahi kuisikia, utampa saa?

#6 Fundi Saa

Simpi. Endelea.

#7 Bint Muscat

Makonyo umenigusa. Nami nyongeza yangu ni njia ya mkarafuu kutoka huo mlima mpaka kwenu.

Wadachi walitaka wawe wao pekee duniani wenye karafuu. Mwaka 1652 kampuni yao ya biashara, VOC, ilimfunga Sultani wa Ternate kwa mkataba: mikarafuu ing'olewe, yeye alipwe fedha kila mwaka. Tidore nayo ikafuata. Wakatuma misafara ya vyombo vinavyoitwa kora-kora, wanakijiji wenyewe ndio wapiga makasia, kwenda kukagua na kufyeka miti iliyobaki. Karafuu ikaruhusiwa Ambon na visiwa vya pembeni yake tu, ambako waliweza kuilinda.

Aliyewachezea ni Mfaransa, Pierre Poivre. Mwaka 1770 miche ya magendo ilifika Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, ikavuka hadi Unguja, na anayetajwa sana kwa kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said akaipandisha kwa maelfu, na kazi ikafanywa na watumwa, hilo lisisahauliwe. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani.

#8 Makonyo

Bint Muscat, ahsante sana, na umenifungulia jambo ambalo sikuliona.

"Ambon na visiwa vya pembeni yake." Kimojawapo ni Saparua! Kwao Pattimura!

Sasa itazameni noti pande zote mbili. Nyuma ni Tidore, ambako mti ulikatazwa. Mbele ni mtu wa Saparua, ambako mti ulilazimishwa. Wa Tidore aling'olewa mikarafuu, wa Saparua akaambiwa panda na utuuzie sisi tu, kwa bei yetu. Ni amri moja, ya kampuni moja, na unene wa karatasi ndio unaozitenganisha.

Sijui kama mchoraji alikusudia. Pengine alitaka tu shujaa wa Maluku mbele na mandhari ya Maluku nyuma, basi. Ila mie ndivyo ninavyoisoma.

#9 AbuuTawfiq

Samahani kwa kukatiza. Nimewahi kusoma kwamba Pattimura alikuwa Muislamu, jina lake Ahmad Lussy, na Wadachi ndio waliomgeuza Thomas. Mbona hamlitaji?

#10 Makonyo

Sheikh, hata wenyewe wanabishana mpaka leo. Vitabu vingi vya historia vinamtaja Thomas Matulessy, Mprotestanti. Wapo wanaoshika hilo la Ahmad Lussy. Mie naona ushahidi wa kwanza ndio mzito, na ile habari ya sadaka ya kanisani inalingana nao. Lakini tazama werevu wa noti: hakuna Thomas, hakuna Ahmad. Kapitan Pattimura, basi. Kila mtu aendelee kuamini lake huku akinunulia pipi.

#11 nyuki_dume

Kwenye dini hapo hapo: ni kweli noti zao zina Ganesh? Iliwahi kuzunguka sana mitandaoni, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote halafu mungu wa Kihindu kwenye hela.

#12 Makonyo

Ilikuwapo. Elfu ishirini ya 1998, mbele yupo Ki Hadjar Dewantara, baba wa elimu yao, na Ganesh pembeni kama alama ya maarifa. Iliondolewa kwenye mzunguko mwisho wa 2008. Wanaosema "noti zao zina Ganesh" leo wanazungumzia noti ambayo hata muuza bakso, supu yao ya vidonge vya nyama, haipokei.

#13 Mpiga Chapa

Mimi nimefanya kazi ya uchapaji miaka mingi (vitabu na kalenda, hela sijachapa, msinipeleke polisi). Mleta uzi umezungumza historia tu, hujaishika noti kama noti.

Waindonesia wana msemo wa kuwafundisha raia kutambua noti halali: dilihat, diraba, diterawang. Itazame, ipapase, inyanyue kwenye mwanga. Noti zao huchapwa na shirika la serikali, Peruri, na karatasi yake ni nyuzi za pamba, ndiyo maana ukisahau noti mfukoni ukafua suruali haisambaratiki kama risiti.

Chukua kioo cha kukuzia. Tazama shavu la huyo Kapitan. Hutaona rangi iliyopakwa. Utaona mistari, mamia, mingine myembamba kuliko unywele, mahali penye kivuli imesongamana, mahali penye mwanga imeachana na kukatika kuwa nukta. Sura ya kwenye noti huchongwa, haipakwi. Mchongaji akikosea mstari mmoja chini ya jicho, shujaa anaonekana kasinzia.

Halafu inyanyue kwenye dirisha utuambie nani yuko ndani ya karatasi.

#14 Makonyo

Wakuu nimefanya.

Kwa kioo ni kweli, uso wote ni mistari, inafuata umbo la shavu kama jembe linavyofuata kilima. Kwa kidole, hii yangu imechoka, imelainika kama leso, kwenye mikunjo imeanza kuwa nyeupe.

Kwenye dirisha: ametokea mwanamke! Sehemu ile ya karatasi iliyoachwa wazi, mtu mwingine kabisa, kivuli tu. Nikatafuta. Ni Cut Nyak Meutia, mwanamke wa Aceh aliyepigana na Wadachi hadi wakamuua mwaka 1910.

Sasa sikilizeni. Desemba 2016 Indonesia walitoa noti mpya. Kwenye elfu moja Pattimura akaondoka. Aliyekuja mbele ni nani? Tjut Meutia huyo huyo! Miaka 16 alikuwa alama ya maji ndani ya karatasi, akisubiri, halafu akatoka.

#15 Mama Sumaiya

Huyo mama nimemsikia. Alipotoka mbele si wakaanza maneno kwamba kachorwa bila mtandio? Watu wa Aceh wengine walilalamika. Alipokuwa ndani ya karatasi hakuna aliyemuuliza.

#16 Makonyo

Ndivyo ilivyokuwa, Mama Sumaiya.

#17 Kasongo L'shi

Bandugu, jambo kutoka Lubumbashi. Mimi nilionaga hiyo ya elfu kumi ya 2016. Kuna mutu mweusi pale, nywele kama zetu. Ni nani?

#18 Mpiga Chapa

Frans Kaisiepo, Mpapua wa kisiwa cha Biak. Alihudhuria mkutano wa Malino mwaka 1946, uliojadili mustakabali wa Indonesia, baadaye akawa gavana wa Papua. Uwanja wa ndege wa Biak una jina lake.

Noti ilipotoka, baadhi ya Waindonesia walimkejeli mitandaoni kwa rangi yake na sura yake. Wapapua wakaumia, na Waindonesia wengine wengi wakawajia juu waliokejeli. Nyuma ya noti hiyo kuna ngoma ya Pakarena ya Sulawesi na bahari ya Wakatobi. Ndiyo mtindo wa toleo lile zima: mbele shujaa, nyuma mchezaji ngoma, mandhari na ua, kila kimoja kinatoka pembe yake ya nchi ili asibaki mtu wa kusema sisi tumesahauliwa. Hiyo ya Tjut Meutia, yeye ni wa Aceh magharibi kabisa, mgeuze: ngoma ya tifa na kisiwa cha Banda Neira, mashariki kule.

#19 Bint Muscat

Banda Neira ni kwao kungumanga na basbasi! Kwa hiyo elfu moja ya zamani ni karafuu, elfu moja mpya ni kungumanga. Hawa watu wameweka pilau lote kwenye noti yao ndogo.

#20 nyuki_dume

Bint Muscat kafunga kazi.

Ila mimi nilisikia hizo za 2016 zina nyundo na mundu ya wakomunisti imefichwa.

#21 Mpiga Chapa

Lilikuwa zogo kubwa mwanzoni mwa 2017, na kwao ukomunisti si jambo la mzaha, chama chenyewe kimepigwa marufuku tangu 1966. Benki Kuu ikabidi itoke kueleza. Kilichokuwapo ni hivi: mbele ya noti panachapwa vipande vya alama, nyuma vinachapwa vilivyobaki, mahali pale pale. Ukitazama upande mmoja unaona vijipande visivyo na maana. Ukinyanyua kwenye mwanga vinakutana na kuwa herufi BI, Bank Indonesia. Mwenye kuchapa bandia anahangaika sana kuvikutanisha, kwa sababu ukiteleza kidogo tu herufi zinapinda. Sasa mtu akivitazama vile vipande vya upande mmoja na hasira zake, anaona nyundo.

Vivyo hivyo noti ya 75,000 ya kumbukumbu ya miaka 75 ya uhuru, 2020. Nyuma watoto tisa na mavazi ya asili. Wakasema mmoja kavaa Kichina. Kumbe vazi la Watidung, wenyeji wa Kalimantan Kaskazini.

#22 Baharia Mstaafu

Nimechelewa uzi huu, na unanigusa.

Nimefika Ternate. Mandhari ya nyuma ya noti hiyo yanaonekana kutoka ufukwe wa Ternate, upande wa Fitu. Watu wanakwenda pale na noti mkononi, wanainyoosha mbele ya macho, wanafumba jicho moja mpaka milima ya karatasi ikae sawa na milima ya kweli, ndiyo wanapiga picha. Nami nilifanya, sikuona haya. Maitara inatangulia, Tidore inakuja nyuma yake na wingu kileleni. Kilichonisumbua ni mvuvi. Nilisubiri karibu nusu saa apite mmoja akae mahali pake, alipopita alikuwa na injini.

Na ile harufu! Jioni watu wanavuta kretek, sigara zao zenye karafuu ndani, zinapopasuka moto unasikia kret, kret, ndilo jina lake. Nikamwambia mwenyeji mmoja kwa ishara na Kiingereza cha bandarini kwamba natoka nchi ya karafuu. Akacheka, akanionyesha mlima.

#23 Bint Muscat

Hakujua kwamba sigara za nchi yake zilikuwa zikivutwa na karafuu za Zanzibar. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita Indonesia ndiyo ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, mashamba yao hayakutosheleza viwanda vya kretek. Walipopanda yao ya kutosha, miaka ya 80, wakaacha kununua, na bei Pemba ikaporomoka.

#24 Makonyo

Hiyo ya bei naijua bila kusoma. Marehemu baba alikuwa akiitaja "Indonesia" kama anavyotaja jina la mdeni. Mie mdogo nikidhani ni mtu.

Jana nilimwonyesha mama noti. Miwani yake haikuwapo, akaisogeza karibu na pua, akaitazama nyuma muda mrefu. Nikamwambia, mama, huku ndiko ulikotoka mkarafuu. Akasema, "Mlima huu si wa kwetu, lakini mvuvi namjua, hajapata kitu huyo." Halafu akainusa.

Nikamuuliza inanuka nini. Mtumba, akasema.

#25 Mkusanya Noti

Mkuu Makonyo, mimi nakusanya noti. Hiyo Pattimura naitaka. Nataja bei?

#26 Makonyo

Haiuzwi, ndugu yangu.

#27 Mkusanya Noti

Nina 500 ya 1992, ile ya orangutani kakaa kwenye tawi. Tubadilishane.

#28 Makonyo

Ina mikunjo mingapi?

#29 Mkusanya Noti

Mmoja, katikati. Sura ya mnyama haijaguswa.

#30 Makonyo

Njoo PM.